Mungu Akaaye Nasi: Maana ya Maisha, Furaha na Kumjua Mungu katika Imani ya Kikristo

Utangulizi

Siku ya Dominika, ukungu ungali umetanda juu ya vilima vya Muyama, waamini huanza kushuka na kupanda njia za miguu kuelekea kanisani. Wapo waliotembea saa nzima na zaidi, mtoto mgongoni, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Katika benchi moja huketi bibi mwenye rozari iliyochakaa, kijana aliyemaliza shule na bado hana kazi, na mama ambaye juma lililopita alimzika mwanawe. Wote watatu huitikia sala zilezile. Lakini kila mmoja amekuja na swali lake, na mara nyingi swali hilo hurudi nalo nyumbani bila kulitamka.

Makala hii inakusudia kuwasaidia waamini kuyatazama maswali hayo kwa utulivu. Je, Mungu anajulikanaje? Maisha yetu, pamoja na jasho na machozi yake, yana maana gani? Furaha ambayo Kanisa linaihubiri inatoka wapi, na je, inabaki kuwa kweli siku ya msiba? Kanisa linayajibu maswali haya matatu kwa jibu moja: Mungu amekuja kukaa nasi katika Yesu Kristo. Kumjua ni kukaa naye, na maana ya maisha pamoja na furaha ni matunda ya kukaa huko.

1. Jina la Mungu katika vilima vya Buha

Habari Njema haikuwakuta Waha wakiwa watu wasio na Mungu. Kabla mmisionari yeyote hajafika, wazee wa Buha walimtaja Imana, Muumba na mpaji wa uhai. Ushahidi wake umo katika majina ya watu. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, na majina yenye neno Imana husikika pande zote mbili za mpaka. Hakizimana maana yake ni "aponyaye ni Mungu". Harerimana ni "aleaye ni Mungu". Nzeyimana ni "namtumaini Mungu". Ntakirutimana ni "hakuna kimpitacho Mungu".

Tulitazame hasa jina Bizimana, yaani "ajuaye ni Mungu". Tufikirie wazazi waliozika watoto wawili, kisha wakampata wa tatu wakamwita hivyo. Hawadai kwamba wameelewa yaliyowapata. Wanakiri tu kwamba yupo aelewaye. Katika jina moja kuna huzuni, unyenyekevu na tumaini. Kuna ungamo fupi la imani ambalo mtoto ataitwa kwalo kila siku ya maisha yake.

Mtume Paulo alipofika Athene hakuanza kwa kuwatukana wenyeji wake. Aliikuta altare iliyowekwa kwa ajili ya Mungu asiyejulikana, akaanzia hapo kuwatangazia yule waliyemheshimu bila kumfahamu, ambaye hayuko mbali na kila mmoja wetu (rej. Mdo 17:22-28). Vivyo hivyo, majina ya mababu zetu ni kama altare iliyojengwa ikisubiri mgeni wake. Mkristo wa Buha hana sababu ya kuyaonea haya. Ni mbegu za ukweli ambazo Mungu mwenyewe alizipanda, na Injili ilikuja kuziotesha.

2. Akili yaweza kufika wapi?

Kanisa Katoliki linafundisha kwamba mwanadamu aweza kumjua Mungu kwa hakika kwa mwanga wa akili yake, akianzia katika viumbe. Mtaguso Mkuu wa Kwanza wa Vatikano ulilitamka fundisho hilo mwaka 1870, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalifafanua (rej. KKK 31-36). Uzuri wa milima, mpangilio wa majira, sauti ya dhamiri na kiu ya moyo isiyotulizwa na kitu chochote cha dunia ni alama zinazoelekeza kwa Muumba. Mtakatifu Augustino, mwana wa Afrika aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, alitafuta utulivu katika elimu, sifa na mapenzi, hata akatambua kwamba moyo ulioumbwa kwa ajili ya Mungu hautatulia penginepo.

Hata hivyo akili ina mpaka. Msafiri akiona moshi ukipanda nyuma ya kilima, anajua kwa hakika kwamba huko kuna nyumba na kuna mtu aliyewasha moto. Lakini moshi haumwambii mwenye nyumba ni nani, ana moyo gani, wala kama atamkaribisha au atamfukuza. Ili ayajue hayo, lazima mwenye nyumba mwenyewe atoke na kuzungumza naye.

Hapa ndipo imani ya mababu ilipofikia ukingo wake. Imana alijulikana kuwa mwema na mkuu, lakini katika shida za kila siku alionekana yuko mbali. Mtoto akiugua ghafla, mvua ikichelewa au ndoa ikikosa uzao, watu waligeukia mizimu na waaguzi, kwa sababu hao ndio walioonekana kuwa karibu. Kwa hiyo Mungu alisifiwa, na mizimu ikaogopwa. Jina lake lilikuwa midomoni, lakini uso wake haukuonekana.

Ayubu aliipita njia hiyohiyo. Alikuwa mchaji tangu mwanzo, lakini mwishoni mwa mateso yake alikiri kwamba hapo kwanza alikuwa amesikia tu habari za Mungu, na sasa jicho lake limemwona (rej. Ayu 42:5). Kila mbatizwa anaitwa kuvuka kutoka kusikia habari za Mungu hadi kuonana naye.

3. Mungu aliyekuja kukaa

Jirani zetu wa Rwanda wana methali ya kale isemayo kwamba Mungu hushinda kwingine mchana kutwa, lakini jioni hurudi kulala Rwanda. Ni methali ya watu wanaompenda Mungu na kujivunia nchi yao. Lakini ndani yake kuna pia swali: mchana, jua linapowaka na shida zinapobisha hodi, Mungu yuko wapi?

Injili inalijibu swali hilo. Mwinjili Yohane anatangaza kwamba Neno alifanyika mwili akakaa kwetu (rej. Yn 1:14). Mathayo anampa jina la Emanueli, Mungu pamoja nasi (rej. Mt 1:23). Mwana wa Mungu hakuja kulala usiku mmoja na kuondoka alfajiri. Aliishi Nazareti miaka mingi akifanya kazi ya mikono, akila chakula cha watu maskini, akihudhuria arusi na misiba ya kijiji. Aliguswa na wakoma, alilia kaburini kwa rafiki yake Lazaro (rej. Yn 11:35), akafa kifo cha watumwa, akafufuka. Baada ya ufufuko, jioni ile ya Emau, wanafunzi wawili waliovunjika moyo walimsihi akae nao kwa kuwa kulikuwa kunakuchwa. Aliingia akaketi mezani, nao wakamtambua katika kuumega mkate (rej. Lk 24:28-35).

Katika lugha ya Maandiko Matakatifu, neno "kujua" lina uzito huo. Mtoto mchanga hajui kueleza mama yake ni nani, hajui umri wake wala ukoo wake. Lakini anamjua kuliko mtu yeyote, kwa sababu amebebwa mgongoni pake, amesikia mapigo ya moyo wake na ameshibishwa naye. Yesu anaposema kwamba uzima wa milele ni kumjua Mungu wa pekee na yule aliyemtuma (rej. Yn 17:3), anazungumzia kujua kwa namna hiyo.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Dei Verbum ya mwaka 1965, unafundisha kwamba katika ufunuo Mungu huzungumza na wanadamu kama na rafiki ili awaingize katika ushirika wake (rej. DV 2). Na Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika waraka wake wa kwanza, Deus Caritas Est wa mwaka 2005, alikumbusha kwamba Ukristo hauanzi na kanuni za maadili wala wazo kubwa, unaanza na kukutana na Nafsi, yaani Yesu Kristo (rej. DCE 1). Amri, mafundisho na ibada vina nafasi yake, lakini vyote ni vya nyumba ambamo huyo Mwenyeji anakaa. Anayezishika amri bila kumjua aliyezitoa ni kama mtumwa anayefagia ua bila kujua kwamba ameitwa mwana.

4. Njia ndefu ya wakatekumeni

Historia ya uinjilishaji wa eneo letu inaonesha kwamba kumjua Mungu huhitaji muda. Mwezi Januari 1879 Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana pia kama Mapadre Weupe, waliotumwa na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, walifika Ujiji kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Mwaka huohuo walianzisha kituo Rumonge, katika nchi ambayo leo ni Burundi. Tarehe 4 Mei 1881 watatu waliuawa huko: Padre Deniaud, Padre Augier na D'Hoop. Mbegu ya kwanza ilimwagiliwa kwa damu.

Lavigerie, ambaye baadaye alifanywa Kardinali, aliwaagiza wamisionari wake wasiwe na haraka ya kubatiza. Alirudisha utaratibu wa Kanisa la kale na kudai maandalizi ya miaka minne: miwili ya mwanzo kwa wanaoomba kuijua imani, na miwili mingine kwa wakatekumeni wenyewe. Kwa macho ya leo utaratibu huo waonekana mzito mno. Lakini ulikuwa na hekima ndani yake. Mtu hawezi kuingizwa katika urafiki kwa siku moja. Miaka minne ya kutembea kwenda kwa katekista, ya kujifunza sala, ya kujaribiwa na jamaa, ya kuacha ndoa ya mitara au kumsamehe adui, ilimfanya mkatekumeni azoee kukaa na Kristo kabla ya kuvikwa vazi jeupe.

Kutokana na uvumilivu huo Kanisa lilienea kutoka ziwani hadi nyanda za juu za Kasulu na Kibondo. Mwaka 1946 iliundwa Vikarieti ya Kitume ya Kigoma chini ya Askofu Jan van Sambeek wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, na mwaka 1953 ikawa Jimbo. Nyuma ya tarehe hizo wamo makatekista wasiohesabika, ambao majina yao hayamo katika vitabu, waliofundisha Baba Yetu chini ya miti na katika vibanda vya nyasi. Wao waliwapa watu kile walichokuwa nacho: walimjua Yesu, na walitaka wengine wamjue.

Swali linatuhusu sisi tuliobatizwa tukiwa wachanga. Tulipewa bure kile ambacho mababu walikitafuta kwa miaka minne. Je, tumewahi kukitafuta? Cheti cha ubatizo chaweza kukaa sandukuni miaka hamsini, na mwenye nacho asijue ladha ya yale aliyoandikishwa.

5. Maana ya maisha: kujulikana na kutumwa

Watu wengi hutafuta maana ya maisha katika mafanikio: shamba kubwa, nyumba ya bati, watoto waliosoma, cheo. Vitu hivyo ni vyema, na Kanisa haliwaombi waamini wauonee fahari umaskini unaodhalilisha utu. Lakini maana ya maisha ikijengwa juu yake, basi mgonjwa, tasa, mzee asiye na nguvu na kijana aliyefeli mtihani watakuwa hawana maana. Injili haiwezi kulikubali hilo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Gaudium et Spes, unafundisha kwamba fumbo la mwanadamu hupata mwanga wake wa kweli katika fumbo la Neno aliyefanyika mwili (rej. GS 22). Kwa maneno mepesi: mimi ni nani? Jibu halipatikani kwa kuhesabu nilivyo navyo. Linapatikana kwa kumtazama Kristo, ambaye alinijua na kunipenda kabla sijafanya lolote, na ambaye ananituma kwa wengine.

Adriano Atiman ni mfano mzuri wa jambo hili katika Kanisa la Ziwa Tanganyika. Alizaliwa karibu mwaka 1866 katika nchi ya Mto Niger, upande wa Timbuktu. Akiwa mtoto alitekwa na kuuzwa utumwani, akavushwa jangwa la Sahara, hadi wamisionari walipomkomboa kwa fedha. Hakumwona tena mama yake. Alipelekwa Malta kusomea utabibu, kisha mwaka 1889 akafika Karema, kwenye ufuko wa mashariki wa ziwa letu. Huko alifanya kazi ya tabibu na katekista kwa zaidi ya miaka 60, hadi kifo chake mwaka 1956. Alioa na kupata mtoto, na mwanawe akawa padre.

Kwa hesabu ya dunia, mtoto aliyeibwa na kuuzwa ni maisha yaliyoharibika. Atiman angeweza kuishi kwa uchungu na kisasi, na hakuna ambaye angemshangaa. Lakini alimjua Mungu aliyejifanya mtumwa kwa ajili ya watumwa, na jeraha lake likawa mlango wa huruma. Mikono iliyowahi kufungwa iliwafunga wengine vidonda. Mungu hakuwa ameutaka utumwa wake. Utumwa ni dhambi ya wanadamu. Lakini hapakuwa na shimo ambalo neema isingeweza kulifikia.

Mkulima wa Muyama anayepalilia maharage yake, mama anayepanga vikombe vya kahawa kwa ajili ya wafiwa, mwalimu anayetembea kilomita nyingi kwenda shuleni, hawahitaji kuwa kama Atiman ili maisha yao yawe na maana. Wanahitaji kujua kwamba wanajulikana, na kwamba kazi ya mikono yao, ikifanywa kwa upendo, inaingia katika kazi ya Mungu mwenyewe.

6. Furaha ambayo msiba hauiondoi

Lugha yetu ina maneno kadhaa yanayokaribiana: raha, starehe, anasa, furaha. Raha huja na kuondoka pamoja na kitu kilichoileta. Pombe ikiisha, raha yake huisha. Fedha ikipungua, marafiki wake hupungua. Furaha ya Kikristo ina chanzo kingine. Katika karamu ya mwisho, usiku uleule wa kusalitiwa, Yesu aliwaambia wanafunzi wake wakae katika pendo lake ili furaha yake iwe ndani yao na itimilike (rej. Yn 15:9-11). Aliyetoa ahadi hiyo alijua kwamba baada ya saa chache atakamatwa. Mtume Paulo naye aliwahimiza Wafilipi wafurahi daima katika Bwana (rej. Flp 4:4), naye alikuwa amefungwa minyororo.

Mtakatifu Paulo VI aliandika Wosia wa Kitume mzima juu ya furaha ya Kikristo, Gaudete in Domino, mwaka 1975. Baba Mtakatifu Fransisko aliandika Wosia wa Kitume wa Evangelii Gaudium, mwaka 2013, akionesha kwamba furaha huzaliwa upya kila mara kwa wanaokutana na Yesu. Hakuna hata mmoja wao aliyedai kwamba mwamini halii.

Nyanda za juu za Kigoma zinajua machozi. Kwa miaka mingi nchi hii imewapokea wakimbizi kutoka Burundi na Kongo. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996. Na mwaka 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walivuka tena mpaka kutafuta usalama. Ndani ya makambi hayo watu waliopoteza nyumba, mashamba na ndugu wamejenga makanisa ya miti na turubai, wakaanzisha kwaya, wakafundisha watoto katekisimu. Anayewasikia wakiimba Aleluya ya Pasaka hatakiwi kudhani kwamba wamesahau. Wanaimba kwa sababu wamegundua kwamba walipokimbia, Mungu hakubaki nyuma.

Ng'ambo ya mpaka, katika Seminari ndogo ya Buta, Jimbo la Bururi, tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliwavamia vijana alfajiri na kuwaamuru wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Vijana wale walikataa, na seminari wapatao 40 wakauawa pamoja. Habari hii haifai kusimuliwa kirahisi. Wazazi wao waliwalilia, na kilio chao ni kitakatifu. Lakini inatufundisha nini maana ya kumjua Mungu. Wale vijana walikuwa wamejifunza kusali Baba Yetu. Ilipofika saa ya kujaribiwa, hawakuweza kumwita Mungu "Baba" na kumkana ndugu aliyesimama pembeni. Waliupenda udugu huo kuliko uhai wao.

Furaha ya Kikristo, basi, ni uhakika wa kina kwamba tunapendwa na hatutaachwa. Yaweza kukaa moyoni pamoja na machozi, kama vile maji ya chini ya ardhi yanavyoendelea kutiririka wakati wa kiangazi, ilhali juu udongo umepasuka. Yule mama aliyemzika mwanawe halazimiki kutabasamu kanisani. Anaweza kulia mbele za Mungu, na kulia mbele zake ni tayari kukaa naye.

7. Mambo yanayouficha uso wa Mungu

Yapo mambo yanayotuzuia kuonja furaha hiyo, na inafaa tuyataje waziwazi.

La kwanza ni moyo uliogawanyika. Wapo wanaopokea Ekaristi Dominika, na usiku wa siku nyingine wakaenda kwa mganga kumtafuta aliyewaroga. Huko ni kurudi kwenye woga wa zamani, kumwona Mungu kuwa wa Dominika tu na mizimu kuwa ya siku zote. Uaguzi hauleti amani. Humwonesha mtu adui katika jirani yake, hata katika mama yake mzazi. Vikongwe wasio na hatia wameteswa kwa sababu ya tuhuma hizo. Kristo alikuja kutuweka huru na woga huo. Mgonjwa na apelekwe hospitali, na aombewe. Hakuna mgongano kati ya dawa na sala.

La pili ni mahubiri yanayoahidi kwamba aaminiye atatajirika na kupona mara moja, na kwamba asiyepona ana upungufu wa imani. Mahubiri ya namna hiyo humwongezea mgonjwa mzigo wa pili. Msalaba wa Kristo unayakanusha, kwa kuwa Mwana mpendwa wa Baba aliteseka.

La tatu ni mazoea. Mtu aweza kujua sala zote kwa moyo, na moyo wenyewe usiwepo. Mazoea hayavunjwi kwa kutafuta mambo mapya kila siku. Huvunjwa kwa kusimama mbele ya Mungu kwa ukweli, hata kwa kumwambia kwamba hatusikii ladha ya sala.

8. Njia za kukaa naye

Kanisa linatupatia njia zilizo wazi kwa kila mwamini, msomi na asiyesoma.

Neno la Mungu lisomwe nyumbani, walau aya chache jioni kabla ya kulala. Kijana anayejua kusoma awasomee wazee. Baada ya kusoma, familia inyamaze kidogo na kujiuliza: Bwana anatuambia nini leo?

Ekaristi Takatifu ndiyo meza ya Emau. Kristo huyohuyo hukaa nasi katika maumbo ya mkate na divai. Mwamini anayefika mapema na kukaa kimya mbele ya Tabernakulo humpa Bwana nafasi ya kuzungumza.

Sakramenti ya Kitubio hufungua mlango ambao dhambi imeufunga. Wengi wameonja furaha ya kwanza ya kweli walipotoka kuungama baada ya miaka mingi.

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walizipa kipaumbele katika mkutano wao wa mwaka 1976, ni mahali ambapo Mungu hupata miguu na mikono. Mfiwa anapoletewa kuni na maji, mgonjwa anapopalilia shamba lake kwa mikono ya majirani, hapo Emanueli anaonekana. Sinodi ya Afrika ililiita Kanisa Familia ya Mungu, na Mtakatifu Yohane Paulo II akalithibitisha hilo katika Wosia wa Kitume wa Ecclesia in Africa wa mwaka 1995. Familia huonekana wakati wa shida.

Matendo ya huruma hukamilisha yote. Mtakatifu Yohane anafundisha kwamba asiyependa hakumjua Mungu, maana Mungu ni upendo (rej. 1Yn 4:8). Mtu akiona kwamba sala yake imekauka, na amtembelee mgonjwa. Mara nyingi Mungu tuliyemtafuta kanisani bila kumsikia hutusubiri katika nyumba ya maskini.

Hitimisho

Wazee wa Buha walimpa mtoto jina Bizimana wakikiri kwamba ajuaye ni Mungu. Katika Kristo jina hilo limepata utimilifu wake, kwa maana tumefahamu kwamba ajuaye yote pia anatujua sisi, mmoja mmoja, na anatupenda. Bibi mwenye rozari, kijana asiye na kazi na mama mfiwa wanaporudi nyumbani baada ya Misa, njia ni ileile na vilima ni vilevile. Lakini hawatembei peke yao.

Tunamwalika kila msomaji, jioni ya leo, kabla ya kuzima taa, akae kimya kwa dakika chache na kulirudia kwa maneno yake mwenyewe ombi la wale wanafunzi wawili wa Emau: amsihi Bwana akae naye, kwa kuwa kunakuchwa. Yeye hatapita.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele na milele. Amina.